Migono Imegeuzwa Mdomo

Nilifunga mgahawa wangu siku ya Jumatatu, siku ambayo Kasulu nzima huwa na njaa, kwa sababu ya simu moja ya Baba mdogo. Mzee Bukuru hapigi simu ovyo. Akipiga, ama kuna msiba ama kuna ugomvi, na safari hii sauti yake ilibeba vyote viwili.

"Mvua imeshuka," alisema bila hata salamu. "Kambale wameanza kupanda. Na hawa watu wamegeuza migono!"

Kwa ambaye hakukulia kwetu Kibondo, nieleze. Mgono ni mtego wa kusukwa kwa fito, mrefu kuliko mkono wa mtu mzima, mpana mdomoni na mwembamba mkiani, na hupachikwa kwenye uzio unaokatiza maji. Samaki akiingia hatoki. Kijito chetu cha Nyamisinzi kinaanzia tindigani, kule juu ambako maji hutuama kwenye majani, kinashuka mpaka kuingia Malagarasi. Mvua za kwanza zikikijaza, kambale huacha mto mkubwa wakapanda kwenda kutaga tindigani. Ni siku chache tu. Wakishataga, hushuka. Basi babu zetu walitega migono mdomo ukitazama juu, wakamnasa anayeshuka. Anayepanda na mayai yake aliachiwa njia. Kugeuza mgono utazame chini ni kumvizia mjamzito mlangoni kwa mkunga.

"Mwaka jana waligeuza wachache," Baba mdogo aliendelea. "Mwaka huu wote. Hawa wasipofika tindigani, mwakani tutatega matope. Njoo. Jumatano kuna mkutano wa kijiji. Mimi nikisema wanacheka. Wewe una mdomo."

Mdomo ninao, sikatai. Huo na kambale ndivyo vilivyonijengea mgahawa. Kambale wangu wa mawese, wenye mayai tumboni, wanafuatwa na walimu, madereva na mabwana wa ofisini wenye vitambulisho shingoni. Mayai yale nayakaanga pembeni kwa nyanya na pilipili, na anayekuta yameisha ananuna mpaka kesho yake. Nikasema, wajinga hawa wanataka kuua kijito kilichonilea? Watanitambua.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka stendi ya Kasulu kwa gari ndogo ya abiria. Ukungu ulikuwa umelala kwenye migomba, na hasira yangu ilikuwa macho. Kabla hatujafika Makere dereva alikuwa ameshajua habari yote, maana nilimwambia mwenyewe.

"Ni wakimbizi hao, mama," alisema. "Hao wa kambi ya Nduta. Wanavua mpaka vifaranga."

"Ndio hao hao!" nikaitikia kwa sauti ya juu, kana kwamba nimewaona kwa macho yangu.

Nyuma yetu alikaa mama mmoja wa makamo, kitenge kipya, Biblia mapajani. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kirundi. Akasema taratibu, "Mtu wa kambini akitoka kutafuta kuni tu, ni kesi. Huo uzio mtoni anaujenga saa ngapi?"

Dereva akaongeza sauti ya redio. Mimi nikajifanya natazama mashamba ya mihogo.

Saa tatu tulisimama karibu na daraja la Malagarasi, dereva apoze injini. Maji yalikuwa mekundu, yamebeba udongo wa mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni, hakuna hata unyasi mmoja ulioachwa wa kuushika. Hilo nalo lilinikera. Kisha nikaona kilichonikera zaidi: wanaume wawili wanakokota chandarua. Jamani, chandarua! Kile cha kliniki, mama mjamzito amepewa alale na mwanawe wasiumwe na mbu, kimefungwa kwenye fito mbili kinachota samaki wadogo kama kucha. Niliteremka ukingoni na viatu vyangu vya safari.

"Hamna haya?" niliwafokea. "Hivi ni vya kula au vya kuhesabia?"

Mmoja akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba. "Na wewe mama, unakula nini?"

"Nakula wakubwa!"

"Haya," akasema, akainamia chandarua chake. Nilirudi garini najiona mshindi.

Saa tano tukaingia Kibondo mjini. Sikupoteza muda, nilipanda bodaboda, na kijana alinipeleka kwa njia ya matope, mara nashuka nasukuma, mara napanda. Nilifika kwa Baba mdogo nimechafuka mpaka mgongoni. Alikuwa mlangoni na buti zake za mpira, zile anazovaa hata kanisani masika.

"Umenenepa," alisema. "Kasulu kuna chakula."

"Na wewe umekonda. Hasira hailiwi, Baba mdogo."

Tulikula ugali wa muhogo kwa maharage. Nikamuuliza, nyumba hii iliyo jirani na kijito inakosaje samaki? Akasukuma sahani. "Mimi sili aliyenaswa akipanda. Na wengine hawapo."

Hapo ndipo aliponieleza jambo lililonifanya nisimame na tonge mkononi. Kijiji kina sheria ya kulinda kambale wanaotaga! Imeandikwa, ina mhuri, imebandikwa ukutani ofisini. Inasema ni marufuku kutega Nyamisinzi kuanzia Mwaka Mpya, miezi mitatu.

"Mwaka Mpya?" nilipiga kelele. "Mvua zetu zinaanza Oktoba, Novemba! Mwaka Mpya si wameshataga zamani na kurudi?"

"Mtendaji wetu anatoka Dodoma," alisema. "Ni mtu mzuri. Aliandika mvua za kwao."

"Na nyie mlikuwa wapi?"

"Mimi nilikuwa nimelazwa, nauguza goti. Wengine walikuwepo. Walipiga makofi."

Yaani walijua! Watu wazima waliozaliwa juu ya kijito kile walimwangalia mgeni akifunga mlango wa nyumba ambayo haina mtu, wakampigia makofi, kwa sababu iliwafaa. Niliapa kwamba kesho nitaanza na huko kwenye uzio kabla ya mkutano.

Jumatano, saa moja asubuhi, tulishuka kijitoni. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri na maji yalikuwa yanasema. Uzio wenyewe ulikuwa wa fito zilizosimikwa kutoka ukingo hadi ukingo, matope yamesiribwa katikati, hakuna pa kupita hata chura. Palipoachwa nafasi, pamewekwa mgono, na kila mgono mdomo wake ulitazama chini. Nyuzio kama huo zilikuwa mbili nyingine upande wa chini, lakini huu ndio ulikuwa mkubwa.

Mwenye nao aliitwa Ezekieli, mwanamume mrefu mpole. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi miaka mingi iliyopita, na yeye ni raia, mzee wa kanisa, na fundi wa kusuka migono kuliko sisi Waha wenyewe.

"Mwakeye," alitusalimu.

Sikuitika vizuri. Nilimshukia hapo hapo. Nilimwambia anakula mbegu, anawaibia watoto wake, na hiyo sheria ya ukutani ni kichaka cha kujifichia. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imeshika mgono unaochuruzika maji.

"Mama, unasema kweli," alisema. "Baba yangu alitega mdomo juu, Mzee Bukuru ni shahidi. Lakini anayeshuka ameshataga, amekonda, tumbo tupu. Mnunuzi wetu hamtaki. Anataka wenye mayai tu. Sasa wenye mayai nitawapata wapi, kama sitegi wanapopanda?"

"Mnunuzi gani huyo asiye na utu?"

"Simjui uso. Anatuma ndoo kwa dereva. Mwaka juzi tulimpelekea wa kushuka, akarudisha maneno: msinitumie mifupa. Ndoo zake ni zile pale."

Nikageuka. Kwenye majani palikuwa na ndoo mbili nyeupe zenye mifuniko, na kwenye moja, kwa rangi nyekundu ya kucha, mwandiko wangu mwenyewe: MAMA NEEMA KASULU.

Maneno yale ya mifupa ni yangu, niliyasema nikicheka stendi, mbele ya wateja, nikasifiwa kwa ukali. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza dereva anayeniletea ndoo samaki wanatoka kijito gani. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nimeshaona nyingi.

Baba mdogo anajua kusoma. Alisoma ndoo, akanisoma na mimi. Kisha akainama kukwangua matope kwenye buti lake. "Kasulu ina akina mama Neema wengi," alisema, akaanza kupanda kilima kuelekea ofisini.

Alinifungulia mlango wa kutokea. Ningeweza kuutumia, na njia nzima niliufikiria.

Saa nne mkutano ulianza nje ya ofisi ya kijiji. Mtendaji ni kijana nadhifu, anapiga mistari kwa rula. Aliponipa nafasi nilimuuliza, "Mtendaji, kwenu Dodoma mvua zinaanza lini?"

"Disemba, mama. Zikichelewa, Januari."

"Na hapa tulipo, viatu vyako vina nini?"

Akavitazama. Vilikuwa tope tupu. Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Alikodolea macho karatasi iliyobandikwa ukutani, halafu akawageukia watu. "Niliwauliza mara mbili kama miezi ni sahihi. Mbona hamkuniambia?"

Mtu alikohoa. Hasira ikanirudia, nikawashukia wote: nikawaambia wamemfanya mtoto wa watu mjinga kwa makusudi, wamechukua mhuri wa kijiji wakafunikia njaa ya wajukuu wao. Walio wengi waliinamisha vichwa. Nilikuwa nimeshashinda, ningeweza kukaa chini.

Ezekieli akasimama. "Sawa, tutageuza. Lakini huyo mama wa Kasulu atakubali mifupa? Asipokubali, wa kijiji cha pili watamtegea yeye, na sisi tutabaki tunatazama."

Baba mdogo alinitazama mara moja, akatazama pembeni.

"Mama Neema wa Kasulu ni mimi," nilisema.

Loh! Kelele zilizopigwa hapo! Mwanamke mmoja mbele alipiga makofi ya mshangao, "Ala! Na muda wote huu unatusema sisi?" Mwingine akasema nikamtukane anayepika kwenye sufuria langu. Niliwaacha wanifokee, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Walipochoka niliwaambia: kuanzia leo nanunua anayeshuka tu, mifupa na kichwa. Mwenye mayai akifika kwangu, ndoo inarudi naye na sitanunua tena kwa aliyemtuma. Na nitawaambia wenzangu wa migahawa stendi, mmoja mmoja, wakitaka wanichukie.

Mtendaji alichukua rula yake akaukata ule mstari wa Mwaka Mpya. Akamuuliza Baba mdogo aandike nini. Wakakubaliana: marufuku inaanza siku maji ya Nyamisinzi yanapofunika mawe ya kivuko, na inaisha Mzee Bukuru na wenzake wawili wakisema kambale wameanza kushuka. Mtendaji aliomba asomewe mara mbili. Safari hii watu walimsahihisha neno moja.

Saa tisa mchana Ezekieli alianza kung'oa fito, na wanawe wakamsaidia. Uzio wa pili ulifunguliwa jioni hiyo. Mwenye uzio wa tatu, wa chini kabisa, alijifungia ndani akisema anaumwa kichwa, akafungua kesho yake asubuhi, amekwisha vuna. Wangapi, hakuna anayejua. Bado naumia nikimfikiria.

Kwenye ndoo zangu waliokufa walikuwa wengi. Lakini kambale ni mgumu, na waliokuwa wanapumua niliomba niwabebe mwenyewe. Nilipanda nao hatua kama mia juu ya ule uzio, ndoo inanipiga mguuni, nikawamwaga penye maji mapana. Walikaa kidogo kama waliozubaa. Halafu mmoja, tumbo limemjaa, akapinda, akakata maji kuelekea tindigani, na wengine wakamfuata. Nililia. Baba mdogo akaniambia nisimchafulie maji.

Alhamisi nilirudi Kasulu, ndoo mbili tupu mapajani. Darajani wale wa chandarua walikuwepo. Niliteremka tena, lakini safari hii nilianza na salamu. Hawakuniahidi kitu. Nilikwenda Kibondo kumtafuta mharibifu, na kote njiani nilimwona: kambini, mtoni, ofisini. Nilimwona kila mahali isipokuwa kwenye sufuria langu. Hasira yangu bado ninayo, ila sasa naigawa kwa haki, na fungu langu ni kubwa.

Ijumaa, saa sita na nusu, mteja wangu wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja wa sekondari, yule anayependa mayai kuliko samaki mwenyewe. Alivuta kiti, akanawa, akaniangalia kwa matumaini.

"Mama Neema, wenye mayai wamefika?"

"Wamefika," nilimwambia. "Wako tindigani."