Mama Alipokuja Kusikiliza Okestra

Nilipiga sello, ile fidla kubwa ya sauti nzito, katika okestra yetu kwa miaka sita kabla mama hajakubali kuja kunisikia. Sisi ni walimu, wauguzi na wakulima wa Kitale na Bungoma. Kila mwaka, mahindi yakishavunwa, tunafanya tamasha Jumamosi Kitale, kisha Jumapili Bungoma. Mwaka huo tulichagua muziki wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa, ule unaonong'ona kisha ukapasuka ghafla kama mtu aliyechoka kunyamaza.

Mama alisafiri kutoka Malakisi hadi Kitale, akaingia ukumbini mapema na leso mpya mabegani. Sello hushikwa katikati ya magoti. Aliponiona nimekaa nikikaza nyuzi, alinijia moja kwa moja.

"Ati ndivyo unakaa, na wachungaji wako hapo mbele?"

"Sketi ni ndefu, Mama. Hakuna kitu inaonekana."

"Mimi nimeona." Akaenda kuketi safu ya tatu.

Sehemu ya kwanza tuliikimbiza, tukakosea mahali pawili bila watu kujua. Ya pili ni ya polepole, na sisi wa sello ndio huianza, chini kwa chini, wengine wote wakiwa kimya. Hatukuwa tumefika mbali niliposikia mtu akilia. Niliinua macho. Mama alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika, na mwanamke asiyemjua amemshika mkono. Nilitaka kuacha. Kiongozi wa okestra alinitazama, nikaendelea, vidole vikiteleza kwa jasho.

Wakati wa mapumziko nilimkuta nje, ameketi kwenye ngazi.

"Mama, unaumwa?"

"Hiyo ya polepole," aliniuliza, "mlikuwa mnalilia nani?"

Nilikuwa nimeifanyia mazoezi miezi mitatu, nikihangaikia vidole na mapigo, na swali hilo halikuwahi kunijia.

"Sijui, Mama."

"Basi mimi nimelilia baba yako."

Baba alikuwa amefariki miaka minne kabla ya hapo. Wiki nzima ya matanga mama alikuwa jikoni, akiulizia sukari, akitafutia wageni mahali pa kulala. Watu walimsifu kwa kujikaza. Nami nilimsifu.

"Ningelia saa ngapi?" alisema. "Na watu walikuwa wanataka chai."

Niliketi kando yake mpaka tulipoitwa ndani. Sikumpa pole. Neno hilo nilipaswa kumpa jikoni, siku zile, nikimpokea sufuria.

Alikuwa arudi nyumbani asubuhi iliyofuata, lakini alikuja nasi Bungoma, akachagua kiti cha mbele kabisa. Sehemu ya polepole ilipoanza niliogopa kumtazama. Nilipojaribu, niliona hakuwa analia. Alikuwa amefumba macho, mguu mmoja ukigonga sakafu taratibu, nje kabisa ya mapigo yetu.