Marudio ya Mwalimu

Mwalimu amefariki. Taarifa ilinifikia Jumanne asubuhi hapa mtaani kwetu Ngokolo kupitia muuza maziwa, ambaye alisimamisha baiskeli langoni kwangu, akavua kofia, akasema, "Jirani yako ametutoka." Nilimjibu kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyemchukua, kisha nikakaa juu ya kiroba cha udongo ambacho Mwalimu aliniomba nimtunzie mpaka arudi kutoka hospitalini. Figo, walisema madaktari. Mimi si daktari na leo sitajifanya daktari. Ila kuna jambo nimelinyamazia miaka mingi kwa sababu ya ahadi, na naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjanihukumu.

Waliomfahamu wanaikumbuka bustani yake. Alipostaafu alirudi mjini kutoka upande wa Geita, alikofundisha darasa la tatu karibu maisha yake yote, katika shule iliyozungukwa na mashimo ya dhahabu, na ndiko alikomlea peke yake binti yake mmoja. Uani kwake palijaa mchicha, figiri na nyanya chungu, na jirani hakupita bila kupewa fungu. Kilichotuchekesha ni udongo. Wa hapa hakuutaka. Aliuleta kwa viroba kutoka shamba la kaka yake kule Samuye, akauchekecha mwenyewe, akaunusa. Mtu akimletea ndoo ya mchanga kwa nia njema, alimrudisha nayo. Siku moja nikamtania: "Mwalimu, Ngokolo nzima hii umekosa udongo? Au wa Samuye una sukari?" Nilitegemea acheke. Alilia, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, kisha akanisimulia kisa ambacho tangu siku hiyo kinanifanya niitazame sahani ya mboga mara mbili.

Alikuwa bado mgeni kule machimboni. Ijumaa moja, mtihani ukiwa umekaribia, aliwaambia watoto: "Jumatatu kila mtu aje na marudio." Alikusudia madaftari, masomo waliyoyarudia nyumbani. Lakini kule marudio ni mchanga wa mawe ya dhahabu yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa, ambao wachimbaji huulimbikiza ili wauoshe tena baadaye. Jumatatu watoto wakaja mstarini, kila mmoja na kopo lake la mchanga. "Shikamoo Mwalimu, marudio haya hapa." Wengine walikuwa wameyaiba ya baba zao. Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. Akawashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana, wanangu," na kwa kuwa udongo wa bustani ya shule ulikuwa mzito, akaumwaga mchanga wote matutani. Mchicha ulistawi ajabu. Watoto waliula na ugali wa mchana, na fungu moja alilibeba nyumbani kwa binti yake. Ikawa hivyo kwa misimu kadhaa.

Aliyemfumbua macho ni mchimbaji mmoja aliyekuja kuulizia maendeleo ya mwanawe, akaonyeshwa bustani kwa fahari. Aliinama, akasugua udongo kwa vidole. "Mwalimu, huu si mchanga wa mwaloni, pale tunapokamatishia dhahabu kwa zebaki? Sisi wenyewe pale hatupandi kitu." Siku ile ile Mwalimu aling'oa mboga zote, akauchota udongo kwa jembe na karai, akaulundika nyuma ya vyoo, akauzungushia miiba. Mwalimu mkuu wa wakati huo alimwambia asizue taharuki. Alisikia kwamba zebaki hula figo na kutetemesha mikono; tangu hapo, kila mtoto aliyetetemeka mkono akiandika, Mwalimu alijiona yeye ndiye aliyemdhuru. Hakuna aliyepimwa, kwa hiyo hakujua, na kutojua huko ndiko kulikomtafuna. "Binti yangu asijue," aliniambia. "Atakuwa anajitazama kila asubuhi akiusubiri ugonjwa." Nikaahidi, na nikajiona mtu mwema.

Sisi wa huku tumezoea kuisifu dhahabu kwa inachojenga. Tunahesabu mapaa mapya na pikipiki mpya, na zebaki tunaitia kwenye chupa ya soda tukaiweka kabatini karibu na chumvi. Hatuulizi maji ya mwaloni yanaelekea wapi, kwa sababu anayeuliza huonekana anawaonea wenzake wivu. Hata mimi, mwandishi wa gazeti ninayelipwa ili niulize, sikuuliza.

Tulimzika Alhamisi kule Samuye, katika udongo aliouamini. Baadaye binti yake, naye sasa ni mwalimu, alikuja kukaa karibu yangu chini ya turubai. "Baba mdogo, mama amekufa kabla sijamwambia," alisema. "Nimehamishiwa shule yake ile ile. Nilitaka nimpigie picha kwanza. Nimeifufua bustani yake." Nikamuuliza udongo wameutoa wapi. "Nyuma ya vyoo kulikuwa na kichuguu cha mchanga laini, kimefunikwa na magugu. Watoto wameusomba wote. Mchicha umekubali, tumeanza kuula wiki iliyopita."

Nilimwambia yote pale pale, katikati ya waombolezaji. Hakulia. Alipiga simu shuleni. "Msichume," alisema. "Wazuieni watoto wasile ile mboga." Akasikiliza kwa muda, kisha akashusha simu na kuniambia kwamba kule wamekwisha kula, sasa wanaosha sahani.

Nilidhani kukaa kimya ni kumheshimu Mwalimu. Kila somo alilirudia mpaka mtoto wa mwisho aelewe, isipokuwa hili moja, na mimi nilimsaidia kulificha. Msomaji, kama kuna jambo la namna hii uliloachiwa na mtu, liseme kabla watu hawajaketi kula. Binti alipokuwa ananieleza, nilitazama mkono wake ulioshika simu. Ulikuwa unatetemeka. Huenda ni msiba tu. Sijui, na sasa ni zamu yangu ya kutojua.