Herufi Niliyoisoma Vibaya

Enzi zetu pale Sakina, sisi watoto wa mafundi redio tulichezea transista, vile vifaa vidogo vya miguu mitatu. Tulizing'oa kwenye redio mbovu, tukabadilishana kama vizibo vya soda, na bingwa alikuwa yule aliyeweza kusoma namba zake ndogo na kusema hiki ni kifaa gani. Nyumba yetu ilinukia lehemu na mtori wa ndizi wa mama. Bingwa nilikuwa mimi, na mtaa mzima ulijua, maana sikunyamaza.

Macho ya baba yalishaanza kumsumbua, hivyo mimi ndiye niliyemsomea. Jumapili moja ya mavuno, kanisa limejaa, meza ya mbele ina mikungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu, amplifaya ya kwaya ikakata sauti. Baba akakimbilia nyumbani kuchukua mkoba wa vifaa, akaifungua palepale mbele ya watu. Transista moja ilikuwa imeungua. Ilikuwa ya zamani sana, namba zimefutika nusu.

"Mama yangu," baba akaniita, kama alivyozoea kuniita mimi bintiye, "nisomee. Ni B au D? Angalia vizuri, hizo aina mbili zinafanya kazi kinyume."

Wenzangu wa shule ya Jumapili walikuwa wananitazama. "D," nikajibu, hata sijaigeuza kwenye mwanga.

"Una hakika?"

"Baba, mimi tena!"

Wanakwaya wakacheka. Baba akatoa D kwenye mkoba, akaichomelea. Kwaya ikasimama, mwalimu wao akainua mkono, na amplifaya ikatoa moshi. Kuku mmoja akapiga kelele. Nikasikia bibi mmoja akisema, "Huyo mtoto wa fundi si ndiye aliyesema anajua?" Mama aliinamia kitabu chake cha nyimbo asiinue uso. Kwaya iliimba bila spika, nami nilitamani sakafu inimeze.

Nyumbani baba hakunichapa. Alisugua chaki juu ya ile transista ya zamani, akaifuta kwa kidole, herufi ikajitokeza nyeupe: B.

"Kutojua si aibu," akasema. "Ungesema tu huoni."

Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo. Jioni tulirudi kanisani na transista sahihi. Nikamwamkia mwalimu wa kwaya "shikamoo" huku nikitazama viatu vyake. Amplifaya ikapona. Mimi nikaitwa "Dii" hadi namaliza darasa la saba, na hadi leo nikikutana na mwenzangu wa enzi hizo pale sokoni, akitamka jina hilo, masikio yananiwaka moto.

Vijana wa siku hizi wamepona. Binti yangu anapiga picha namba iliyochakaa ya transista, simu inamjibu kabla hajapepesa jicho, na ikimdanganya anailaumu simu. Hana kanisa zima linalomtazama. Namwonea wivu. Ila akikosea anakosea peke yake chumbani, na hakuna anayekaa naye jioni ile kumwonyesha alipokosea.