Nina miaka 37, baba mkwe aliniamkia shikamoo na mimi nikaitikia

Wakuu, habari za humu ndani.

Kuna uzi wiki hii watu wanachekana sura, eti fulani ana miaka thelathini lakini ukimwona unatafuta fimbo yake iko wapi. Nimesoma comment zote. Nyingi nimecheka, chache zimenigusa penyewe.

Nikasema acha na mimi nitoe yangu. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokosea nitasema nilikosea, maana nilikosea kweli.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, pale Nansio, ila maisha yangu yote ya utu uzima yako Mwanza, Mkuyuni. Nina miaka 37. Ukiniona utasema 60, na kama umeamka vibaya utasema 70. Kipara kimefika katikati, ndevu zina mvi, na pembeni ya macho nina mikunjo kama shati lililolaliwa.

Sivuti sigara. Pombe nilionja mara moja kwenye harusi ya jirani nikaumwa tumbo siku mbili. Nasema mapema kwa sababu nawajua, mtaanzia hapo.

Sasa twende taratibu.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana, mama alianza, baba akafuata kabla mwaka haujaisha. Mimi ndiye wa kwanza, nilikuwa na miaka 17, kidato cha pili. Nyuma yangu walikuwapo watatu. Wa mwisho, Editha, alikuwa na miaka mitano.

Ndugu walikaa kikao cha kutugawana, huyu aende kwa shangazi, yule kwa baba mdogo. Editha akanishika mguu wa suruali hakuachia. Nikawaambia wazee, hawa naondoka nao wote. Walinicheka, na kusema kweli hata mimi sikujua naondoka nao kwenda wapi.

Tukapanda meli tukaja Mwanza. Kazi iliyonipokea bila kuniuliza cheti ni kuponda kokoto.

Kwa wasiojua, Mwanza ni mawe. Unawasha moto juu ya mwamba mpaka upasuke, unabeba mapande, unakaa chini juani unayagonga kwa nyundo mpaka yawe kokoto. Kipande cha mpira wa tairi unakizungusha kwenye jiwe lisikimbie. Miwani ya kukinga macho hatukuwa nayo. Kinga yako ni kukunja uso kila nyundo inaposhuka.

Sasa piga hesabu mwenyewe, unakunja uso mara ngapi kwa siku, halafu siku hiyo uirudie kwa miaka.

Jua juu, moshi wa mwamba machoni, vumbi kichwani. Jino la mbele liliondoka na kipande cha jiwe nikiwa na miaka 20. Nilitema, nikasukutua maji, nikaendelea, maana kesho yake Editha alitakiwa na sare ya shule.

Shikamoo ya kwanza niliipata nikiwa na miaka 22. Alikuwa mama mmoja muuza dagaa, ana mtoto mgongoni.

"Shikamoo baba."

Nikamwambia, "Dada, mimi ni mdogo wako."

Aisee, yule mama aliona aibu mpaka akasahau beseni lake. Nilimkimbilia nalo mpaka barabarani, na kule nako akaniomba msamaha kwa kupiga goti.

Wengine walibisha kabisa. "Acha utani mzee." Nikaona kumbe kukataa ndiko kunaleta tabu. Nikaanza kuitikia. Marahaba, hujambo? Maisha yakaendelea.

Na hapa niseme ukweli wote, nilianza kuizoea. Nikienda zahanati napishwa kwenye benchi. Kwenye kikao cha mtaa wananiita mbele. Watu walikuwa wananiletea kesi zao za ndoa niwasuluhishe, na mimi sina hata mchumba! Nawasikiliza, natikisa kichwa, nawaambia vumilianeni. Wanaondoka wanashukuru.

Miaka ikapita. Nikatoka kwenye kuponda, nikawa na sehemu yangu ya kuuza kokoto na mchanga. Wadogo wawili wakamaliza vyuo, Editha akawa muuguzi.

Nikiwa na miaka 34 nikampelekea fundi suruali anipunguzie urefu. Fundi mwenyewe anaitwa Veronika.

"Shikamoo."

Sijui nini kilinipata. Nikamwambia, "Naomba usiniamkie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kesho nataka kurudi."

Akacheka. Nikamwonyesha kitambulisho, akasoma mwaka wa kuzaliwa, akaniangalia, akasoma tena. Akasema, "Pole na kazi." Wakuu, miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuiangalia sura yangu akanipa pole. Hapo ndipo nilipomalizwa.

Kufikia mwaka uliofuata tukakubaliana niende kujitambulisha kwao, Bujora. Baba yake, Mzee Shija, ni mwalimu mstaafu, mtu wa kunyoosha mambo.

Tulienda wanne. Mshenga wangu Mzee Masatu, jirani yetu. Mdogo wangu Deo, kijana mtanashati, kavaa suti. Editha. Na mimi, nimevaa kaunda suti kwa sababu nilidhani ndiyo ya heshima. Kosa la kwanza hilo.

Mzee Masatu alibaki nyuma anafunga kiatu. Mimi nikatangulia mpaka getini. Mzee Shija akatoka, akaniona, akavua kofia.

"Shikamoo mzee, karibuni sana."

Na mimi, kwa mazoea ya miaka kumi na tatu, mdomo ukaenda wenyewe.

"Marahaba. Hujambo?"

Akasema, "Sijambo."

Mjue nilimtambua. Veronika alikuwa amenionyesha picha yake. Nilijua huyu ndiye, na nilikuwa na nafasi ya kupiga magoti palepale nikasema samahani baba. Nikajikausha. Nikajipa moyo kwamba ikishapita itasahaulika.

Tukaingia. Nikapewa kiti kikubwa. Deo akapewa kigoda, na Mzee Shija akawa anamwangalia kwa kuridhika, anamuuliza habari za kazi. Deo anajibu huku jasho linamtoka, ananiangalia. Mimi naangalia dari.

Mzee Masatu akasimama, akaongea maneno yake mazuri ya kishenga, akamaliza kwa kunielekezea mkono. "Na kijana wetu mwenyewe ndiye huyu hapa."

Mama yake Veronika akainuka akaelekea jikoni.

Mzee Shija akauliza taratibu, "Huyu? Niliyemwamkia?"

Nikasimama. Editha akaona nayumba, akanishika mkono. "Baba, kaa kwanza."

Huyo ni mtoto niliyemlea tangu ana miaka mitano, hajawahi kuniita jina jingine. Lakini pale ukumbini lilisikika jambo moja tu, kwamba huyu mzee kaja kuposa akiwa na binti mtu mzima.

Tulijaribu kueleza. Kila tulichoeleza kilisikika kama uongo wa kupanga. Nikatoa kitambulisho, Mzee Shija akakirudisha bila kukisoma.

Akasema, "Sura anagawa Mungu, sina kesi na sura. Lakini wewe umepokea heshima yangu ukijua si yako. Sasa nikikupa na mwanangu, utampokea vipi?"

Nikakirudisha kitambulisho mfukoni.

Tulipewa chakula, tukala kwa adabu, tukaondoka. Veronika alitusindikiza akiwa analia. Akaniambia yeye hajabadilika, lakini bila baraka za baba yake hatatoka nyumbani. Nilimuelewa. Nilirudi Mkuyuni nikajua nimempoteza mwanamke pekee aliyenipa pole, na nimempoteza kwa neno moja.

Wiki tatu zikapita. Sikuwa naitikia shikamoo ya mtu yeyote. Watu walidhani naumwa.

Jumamosi moja nilikuwa nimepeleka mzigo wa mchanga kwa mteja. Narudi mchana, nakuta Editha, siku hiyo yuko off, amesimama pembeni ya kibanda changu. Na kwenye debe langu la zamani la kukalia, katikati ya mawe, ameketi Mzee Shija. Kashika nyundo.

Alikuja bila taarifa. Veronika ndiye aliyemwambia, baba, nenda kamwone mwenyewe, ukirudi ukasema hapana sitakusumbua tena. Alipofika alimkuta Editha, akamuuliza, "Yule ni baba yako kweli?"

Editha akamjibu, "Ni kaka yangu. Ubaba aliubeba mwenyewe."

Akamsimulia yote. Kikao cha kugawana, meli, sare za shule, jino. Akamwonyesha kwenye simu picha yangu ya kidato cha pili, nina mashavu na nywele zote. Mzee akaiangalia muda mrefu.

Halafu akaomba nyundo. Mwalimu ni mwalimu, mpaka afanye jaribio.

Nilimkuta anagonga. Kila nyundo ikishuka, anakunja uso, kwa sababu huwezi kutokunja. Kipande kikaruka kikampata kwenye paji la uso. Akashika pale, kisha akapapasa pembeni ya macho yake kwa vidole, polepole.

Nikakimbia, nikapiga magoti kwenye vumbi. "Shikamoo baba."

Akaniangalia. "Marahaba. Leo umeniwahi."

Nikamwomba msamaha. Sikumwambia habari za mazoea wala nini, nilisema tu nilijua na nikanyamaza, na niliona aibu kusema. Akasikiliza mpaka mwisho.

Akasema, "Lile la kunyamaza lilikuwa kosa. Ukija kwangu tena, ukikosea, sema palepale." Akainuka, akapangusa suruali. "Haya nyanda, nisindikize."

Nyanda kwa Kisukuma ni kijana. Niliitwa kijana nikiwa na miaka 35, nikalia kama mtoto mbele ya wateja wangu.

Tulifunga ndoa mwaka huohuo. Kabla ya harusi wadogo zangu walichangishana wakaniwekea jino. Deo alisema hawataki picha zao za ukumbusho ziwe na pengo ambalo walilisababisha wao. Nilimzaba kofi la utani, halafu nikaenda nyuma ya nyumba kidogo nikatulia.

Kwenye sherehe Mzee Shija alipewa kipaza sauti. Akasimulia yote, ukumbi mzima ukacheka, mpaka mshenga akabanwa na kikohozi. Halafu akanigeukia.

"Ile shikamoo niliyokupa getini, nilipotoka Bujora kuja Mkuyuni nilikuwa nakuja kukunyang'anya. Nimeghairi. Mimi nimelea wanne nikiwa na mshahara na mke. Wewe umelea watatu ukiwa na nyundo. Baki nayo."



Nilichojifunza ni hiki. Anayefanya kazi ya juani avae kofia na atafute miwani ya kukinga macho, vijana wangu pale kijiweni sasa wanavaa, asiyevaa hashiki nyundo. Wapo pia wanaoonekana wazee kwa kurithi tu, au kwa maradhi, au kwa mawazo yasiyosemwa. Ukikutana na mtu wa hivyo usimcheke, muulize kazi. Na wewe mwenye sura kama yangu, ukipewa heshima isiyo yako, irudishe papo hapo hata kama itawatia watu aibu. Mimi nusura inigharimu mke.

Lakini zaidi ya yote nashukuru. Namshukuru Mungu, Veronika, na huyu mzee aliyekubali kukaa kwenye debe langu. Zamani nilikuwa naikwepa sura yangu kwenye kioo. Siku hizi nikinyoa naihesabu, huu mkunjo ni ada ya Deo, huu ni sare ya Editha, naendelea kunyoa. Kama wasemavyo huku wakishukuru, wabeja sana.

Sasa niwasikie. Wewe unayeambiwa umezeeka kabla ya wakati, hebu tuambie ulikuwa umembeba nani.

Ila kwenye comment msiniamkie. Mimi ni wa miaka 37 tu, na shikamoo ninayo moja, inanitosha.