Chumvi Niliyoiosha Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini Nachingwea nilikabidhiwa baiskeli, koti jeupe na kichupa cha dawa ya matone. Nilikuwa nimetoka mkoa mwingine na cheti kipya, nikidhani bwana afya anakagua vyoo na mabucha tu. Afisa Afya wa Wilaya, mtu mfupi asiyecheka ovyo, alinimwagia chumvi kwenye kisahani akadondoshea tone moja. Ikageuka zambarau mbele ya macho yangu.

"Hiyo ina madini joto," akasema. "Ikibaki nyeupe, ujue mwenye duka anawauzia watu rovu."

Rovu ni ule uvimbe wa tezi ya shingo. Lakini kilichonitisha zaidi ni alichoongeza, kwamba mama mjamzito akikosa madini hayo, akili ya mtoto inaweza kudumaa kabla hajazaliwa. Usiku ule sikuionja chumvi bila kuiangalia mara mbili.

Nikazijua chumvi zote. Ipo laini ya pakiti, inayomwagika kama unga. Ipo chumvi ya mawe kutoka pwani, chenga kubwa zenye unyevu na mchanga, inayouzwa kwa kopo. Hiyo hunyunyiziwa madini joto, nayo hukaa juu juu ya chenga. Siku hizi imeingia na ya pinki, inayochimbwa ardhini nchi za mbali. Ni kavu kama kokoto na inapendeza mezani, ila madini joto yake ni kama hakuna.

Nilipohamishiwa Ruangwa, nilipigwa na butwaa katika kijiji cha Nambilanje. Chumvi ya dukani iligeuka zambarau vizuri kabisa, lakini nyumbani kwa watu, chumvi ileile ilibaki nyeupe. Nikamshuku mwenye duka kwa wiki nzima. Kisha nikamkuta mama mmoja uani ameianika kwenye ungo.

"Mama, unafanya nini?"

"Nimeiosha, bwana afya. Ina mchanga hii. Sasa tule mchanga?"

Kijiji kizima kilikuwa kinanunua dawa na kuimwaga na maji! Nikamfokea mbele ya wanawe, nikaupindua ungo ule chini. Mkuu wangu wa Ruangwa, mwanamke mpole wa sauti, aliposikia aliniuliza, "Ulimfundisha au ulimfokea?" Nikajibu nilifanya yote mawili. "Hapana," akasema, "alichosikia ni kimoja tu." Sikumwelewa. Niliendelea kufoka, Likunja, Nanganga na kwingineko, mpaka nikastaafu.

Siku ya kuniaga, wenzangu walinipa kisagio cha chumvi, cha kioo, chenye meno ya kauri yasiyoshika kutu. Nikarudi nacho Nachingwea, nikiringa. Kumbe kina masharti. Chumvi laini inapita bila kusagwa. Yenye unyevu inagandamana kwenye meno. Kinataka chenga kavu, zinazolingana. Ya pinki ingekifaa, nikaikataa kwa sababu ya madini joto, nikajiona mjanja kweli. Nikanunua ya mawe, nikaipima dukani kwa tone. Zambarau!

Nyumbani ikakwama. Ilikuwa na tope na mchanga. Basi nikaisuuza maji mawili, nikaianika juani kutwa nzima, ikakauka mpaka ikawa inalia kwenye ungo. Kisagio kikazunguka raha mustarehe. Haki ya Mungu, sikukumbuka kitu. Mimi!

Binti yangu Ester alikuwa amekuja kukaa nami na ujauzito wake, mumewe akiwa kazini mbali. Kila mlo nilimsagia mwenyewe juu ya sahani yake. Kliniki, muuguzi akamshika shingo, akakunja uso, akamwuliza nyumbani wanatumia chumvi gani.

"Anayechagua ni baba," Ester akamjibu. "Alikuwa bwana afya."

Aliponisimulia nilicheka. Nikaenda kuazima kichupa cha matone ili nimtoe wasiwasi. Nikasaga kidogo kwenye kisahani, nikadondosha. Nyeupe. Nikadondosha tena, na tena, mpaka chumvi ikawa uji.

Ester alikuwa amesimama nyuma yangu. "Enzi zako ungekuta nyumba kama hii, ungefanyaje?"

"Ningeimwaga chumvi."

"Na mwenye nyumba?"

Nikaanza kukifunika kichupa. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akanishika mkono.

"Mimi sikufokei, baba. Nataka tu uniambie mwanangu atakuwa mzima."

Sasa anakula chumvi ya pakiti, anameza na vidonge alivyopewa kliniki. Imebaki miezi miwili ajifungue. Kila asubuhi ananisalimia kwa heshima ileile, nami bado sijamjibu kama mwanawe atakuwa mzima.