Uwanja Safi Kuliko Wote Mtaani

Jirani yangu hapa Same hufagia uwanja kabla jua halijatokeza milimani. Huinama, mkono mmoja mgongoni, akiokota hata jani la mwarobaini kwa kucha. Kisha hukusanya nepi, betri na makopo ya dawa ya kupe, akavitupa vyote ndani ya kisima chake kilichokauka, jirani kabisa na kile tunachochotea maji mtaa mzima. Hufunika kwa bati, akanawa mara mbili. Maji yake ya kunywa huletewa kwa madumu kutoka Suji, juu milimani. Jana, baada ya shikamoo, nilimwambia kwamba mtoto wangu anaharisha tena. Akasikitika kweli, ufagio mkononi.

“Chemsheni maji, mwanangu. Mji huu una watu wachafu sana.”