Mikono Niliyoitaja Redioni

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vilivyonibana, nikafika nusu saa kabla ya mlango kufunguliwa. Redio yetu ya jamii hapa Amu, au Lamu kama mnavyoiita wengine, ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa: kimoja cha kusomea habari, kingine cha kila kitu kilichobaki. Mkuu wa Vipindi, bwana mmoja wa kutoka bara ambaye hakucheka kabla ya saa nne, alinivisha hedifoni, akanionyesha meza ya kuchanganyia sauti, yaani ile yenye vitufe vya kupandisha na kushusha sauti, kisha akaniuliza nimetazama nini jana yake.

"Ile tamthilia ya mama mkwe," nikajibu. "Ni nzuri sana."

Akaizima maikrofoni yangu. "Bi Rukia, 'nzuri sana' husemwa na jirani. Wewe umeajiriwa. Niambie ni wapi ulitaka kuinuka ukaoge, na kwa nini hukuinuka."

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu: kutoa maoni juu ya tamthilia kila Jumamosi baada ya Alasiri. Mtaani waliiita umbea wa mshahara. Mimi sikujali, kwa sababu hao hao ndio waliokuwa wakinisimamisha njiani kuniuliza kama yule daktari atamwoa yule nesi.

Nyinyi vijana mnaotoa maoni kwa simu mkiwa mmelala, hebu nisikilizeni kidogo. Sisi tulitazama kila sehemu mara mbili. Mara ya kwanza kama watu, mara ya pili na daftari. Tuliandika mwendelezo, maana yake kama kikombe kilikuwa mkono wa kulia kisihamie wa kushoto bila mtu kukishika. Tuliandika wagonjwa mahututi waliopakwa rangi ya midomo. Na vionjo, vile vipande vifupi vya kututamanisha kabla tamthilia haijatoka, hatukuvitolea hukumu hata siku moja, kwa sababu kionjo ni harufu ya chungu cha mwenzio.

Baadaye nikapelekwa Mombasa, kwenye redio kubwa zaidi. Huko nilimkuta Mhariri wa Burudani, mama mwembamba asiyependa maneno mengi. Alinifundisha kusikiliza tamthilia za kigeni zilizotiwa sauti, ambamo mwigizaji huondolewa maneno yake akapewa ya Kiswahili. Midomo ikishafungwa na maneno bado yanatoka, nilisema wazi. Alinifundisha pia kutofichua mwisho.

"Hadithi ikishatoka kwa watengenezaji ni ya mtazamaji," aliniambia. "Wewe umealikwa tu."

Niliporudi Amu watu walikuwa wamehamia kwenye tamthilia za mtandaoni. Asiye na bando alikwenda dukani kujaziwa msimu mzima kwenye flashi. Nilikuwa nimekomaa, na niseme kweli, nilikuwa na kiburi. Niliwasema watengenezaji waliodhani Pwani ni punda, mlango wa nakshi na jini. Kila wakitaka kuisimulia Amu lazima jini atokee, utadhani sisi hatuna shughuli nyingine.

Ndipo ikatoka tamthilia iliyopigwa picha hapa hapa. Waigizaji walitoka Nairobi, wakakaa Ras Kitau, ng'ambo ya maji, miezi miwili. Katika sehemu ya nne bibi arusi anapambwa kwa piko, ule wino mweusi wa mikononi na miguuni. Uso wa mpambaji hauonekani, ni mikono yake tu. Nikaitazama mara mbili kama kawaida yangu, na mara ya pili nikaijua ile mikono. Alianza na kidole cha mwisho, na katika kila ua aliacha jani moja bila kulijaza. Mpambaji wa hivyo ni mmoja tu, mama wa Siyu, kisiwani Pate, aliyempamba binti yangu. Hapa nampa jina la Bi Khadija. Si lake, na ruhusa ya kusimulia ameitoa mwenyewe.

Jumamosi ile niliisifu tamthilia kuliko zote. Nikasema, kwa furaha kabisa, "Mikono ile si ya kuigiza. Ni ya mpambaji wetu wa Siyu," na nikamtaja jina.

Arusini kwetu simu huachwa mlangoni. Mpambaji huingia ndani ambako hata shangazi wengine hawaingii, na anachokiona huko hakitoki naye. Sasa mimi nilikuwa nimewatangazia kina mama wote kwamba mpambaji wao hufanya kazi mbele ya kamera. Shaaban, mwezi wa mwisho kabla ya Ramadhani, ilikuwa inakaribia, na arusi zilikuwa nyingi. Nyumba moja ikamwambia asije, kisha ya pili, na ndani ya wiki mbili hakuwa na hata moja.

Nikaenda kwa Meneja wa redio yetu kuomba nafasi ya kurekebisha.

"Urekebishe nini? Si ulisema kweli?" akaniuliza. "Redio hurekebisha uongo, Bi Rukia. Ukweli tutaurekebishaje?"

Nililia ofisini kwake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Kesho yake nikapanda boti kwenda Pate, nikashika njia ya miguu hadi Siyu. Bi Khadija alinikaribisha, akanipa maji, akaketi mbali nami.

"Yule bibi arusi alikuwa mwigizaji," akasema kwa lahaja ya kwao, ambako kutaja ni kutaya. "Na ile nyumba haikuwa nyumba ya mtu. Niliwaambia wasinitaye jina, na hawakunitaya. Umenitaya weye."

"Nitasema redioni nilikosea, kwamba haikuwa mikono yako."

"Usinene urongo kwa ajili yangu. Watanena nina la kufita," akasema, maana yake la kuficha.

Nikarudi kama nilivyokwenda. Mwezi ule ule muda wangu wa kustaafu ukafika. Wenzangu wakanipa saa ya ukutani na hotuba fupi, na mimi nilikuwa nikiwaza milango aliyofungiwa mwanamke yule.

Kisha mjukuu wangu akaposwa. Mama wa bwana arusi aliuliza kama hakuna mpambaji mwingine. Nikamwambia atapamba Bi Khadija, au mikono itabaki mitupu. Nilijua kina mama wakiona mimi niliyemtaja ndiye ninayemfungulia mlango, na wao watamfungulia. Na ndivyo ilivyokuwa, alhamdulillahi. Kabla Shaaban haijaisha aliitwa nyumba tatu.

Siku ya kumpamba mjukuu wangu alikuja na kikapu chake, akanisalimu vizuri, akaingia chumbani kwake. Nikamfuata. Akageuka mlangoni.

"Weye keti nde, Bi Rukia."

"Ni mjukuu wangu, Bi Khadija."

"Nayua."

"Na redio nimeshaiacha. Nimestaafu."

"Kazi imestaafu," akasema bila hasira, akinionyesha mdomo wangu kwa kidole. "Kanwa halistaafu."

Mlango ukafungwa. Nikaketi kitini ukumbini, mimi niliyezoea kuwaambia watu wote yaliyotokea. Huko ndani wakacheka sana kwa jambo fulani, mjukuu wangu zaidi yao wote, na mpaka leo sijui ni jambo gani.